Blu-ray kwenye kompyuta: nguvu ipo, shida ni kufuli

Mtu akinunua draivu ya Blu-ray, zile diski za filamu zenye picha safi kuliko DVD, na kuichomeka kwenye USB, hutarajia filamu ianze yenyewe. Haianzi. Windows haiji na programu ya kucheza Blu-ray, na VLC, ile programu ya bure ya video, ukiipakua hivi hivi itagoma kwa filamu nyingi za dukani. Hapo ndipo wateja huniuliza kama waongeze RAM. Hapana! Picha ya Blu-ray ya kawaida haizidi megabiti 40 kwa sekunde, kazi ambayo hata grafiki iliyomo ndani ya prosesa huifanya bila kutoa jasho.

Kinachozuia ni kufuli la kuzuia kunakili diski, linaloitwa AACS. Programu ya kucheza lazima iwe na funguo zilizotolewa kwa leseni, ndiyo maana zile rasmi, kama PowerDVD, huuzwa. Funguo hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo programu isiyosasishwa inaweza kukataliwa na diski mpya. Hata njia ya kwenda kwenye TV inalindwa, kwa HDCP, kufuli jingine la kwenye waya wa picha. Ukiweka katikati adapta isiyoielewa, unabaki na skrini nyeusi.

Kwenye diski za 4K, yaani Blu-ray za picha kali zaidi, mambo yanageuka kichekesho. Ili zichezwe kihalali kwenye kompyuta, ilitakiwa prosesa ya Intel yenye SGX, yaani chumba cha siri ndani ya prosesa ambamo funguo hutumika. Zenye sifa hiyo ni za kizazi cha 7 hadi cha 10, tena si zote. Kuanzia kizazi cha 11 Intel iliiondoa kwenye kompyuta za nyumbani, na AMD haikuwahi kuwa nayo. Kwa hiyo kompyuta ya mtumba yenye i5 ya kizazi cha 8 iliweza kucheza diski ambayo mashine mpya ya mamilioni iliikataa. Anayetaka 4K tu, mimi humwambia anunue deki ya 4K ya kuunganisha na TV, yaishe.

Angalia pia kanda, yaani sehemu ya dunia ambako diski imeruhusiwa kuchezwa. Afrika iko B pamoja na Ulaya. Marekani na Japani ni A, India ni C. Diski aliyokuletea shemeji kutoka Marekani inaweza kukataa. Za 4K hazina kanda.

Ikishacheza, tazama majina yanapopanda mwishoni mwa filamu. Yakipanda kwa kushtukashtuka, skrini iko kwenye 60 Hz, yaani inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, wakati filamu ni fremu (picha) 24 kwa sekunde, hivyo fremu moja hurudiwa mara tatu, inayofuata mara mbili. Ingia mipangilio ya skrini, sehemu ya mipangilio ya kina (Advanced), uchague 23.976 kama TV inaikubali. Usichague 24 kamili: filamu nyingi za diski huenda kwa 23.976, na tofauti hiyo ndogo hufanya fremu moja irudiwe kila baada ya sekunde 42 hivi. Jicho likishaizoea, hutaacha kuiona.