Je, wajua kwa nini baiskeli ya triathloni hutundikwa kwa kiti?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukweni Igombe, kando ya Ziwa Victoria hapa Mwanza, mitumbwi ya dagaa imekwisha kurudi na taa zimezimwa. Sisi wanne tumechimbia nguzo mbili mchangani, juu yake tumelaza bomba la chuma, na kwenye bomba tumetundika baiskeli zetu. Mama anayeanika dagaa jirani yetu alizitazama kwa muda. Tulipomwamkia aliitikia, kisha akauliza: “Mbona mmezining'iniza kama nyama buchani? Hazina stendi?”

Siku ile nilimjibu kwa haraka kwamba ndivyo inavyofanyika. Swali lake lilistahili jibu refu zaidi.

Triathloni ni mbio moja yenye michezo mitatu: unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia. Katika umbali wa Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia mwaka 2000 kule Sydney, ni kilomita 1.5 majini, 40 kwenye baiskeli na 10 kwa miguu. Saa huanza kuhesabu unapoingia majini na haisimami mpaka mstari wa mwisho. Kuvua miwani ya kuogelea, kutafuta baiskeli, kufunga helmeti, kuvaa viatu, yote hayo yanahesabiwa. Katika Olimpiki ya London mwaka 2012, Nicola Spirig wa Uswisi na Lisa Nordén wa Uswidi walimaliza kwa muda uleule, saa 1 dakika 59 sekunde 48, na ikabidi picha ya mstarini iamue kwamba Spirig ndiye bingwa. Ukishajua hilo, hutashangaa kuona mtu akipima kwa macho namna kamba ya helmeti yake inavyolala.

Lakini sekunde si sababu kubwa kuliko zote. Kubwa ni hali ya mwili unapotoka majini. Ukiogelea, umelala. Moyo unasukuma damu kwa usawa, na maji yenyewe yanaibana miguu na kuisaidia damu irudi juu. Unaposimama ghafla na kuanza kukimbia mchangani, damu inashuka miguuni, ubongo unakosa sehemu yake kwa muda mfupi, na kichwa kinazunguka. Masikio yana maji, macho hayajazoea jua, vidole vimelegea. Mtu aliyepanga vifaa vyake alfajiri akiwa ametulia si yule anayevijia mbio akitweta. Kwa hiyo unapopanga baiskeli, panga kama unayemwandalia mtu aliyechanganyikiwa, asiyeweza kufikiri mambo mawili kwa pamoja.

Sasa tuje kwenye swali la mama. Stendi ya pembeni huzama mchangani na baiskeli huanguka, na baiskeli za mashindano hata hazifungwi stendi. Ndiyo maana mwendeshaji huisukuma baiskeli kinyumenyume chini ya bomba, kisha akainua kiti na kuegesha pua yake juu ya bomba. Gurudumu la mbele linagusa chini likitazama njia ya kutokea, la nyuma linaning'inia. Ukija kuichukua, unakiinua kiti kidogo, unailaza baiskeli upande ili kiti kipite chini ya bomba, na tayari unakimbia nayo mbele. Huhitaji kuigeuza wala kurudi nyuma. Simama kushoto kwake, kwa sababu cheni iko kulia na haitakuparua mguu.

Gurudumu la nyuma kuning'inia kuna faida nyingine ambayo wengi hawaioni: unaweza kuzungusha pedeli kwa mkono na kuiweka cheni kwenye gia unayoitaka. Gia hiyo iwe nyepesi. Baiskeli za gia zenye kibadilisha cheni hazibadili gia zikiwa zimesimama. Cheni lazima iwe inatembea ndipo iruke kutoka duara moja la meno kwenda jingine. Kama jana ulimaliza mazoezi kwenye mteremko ukiwa na gia nzito, ukalala nayo hivyo, leo utapanda ukiwa na miguu iliyolegea, ukanyage, baiskeli isisogee, na huwezi kuirekebisha. Utaanguka mbele ya watu. Mwanza ni mji wa mawe na vilima, na barabara nyingi zinazotoka ziwani hupanda mara moja. Jaribu kuanzia chini ya kilima cha Capri Point kwa gia nzito uone.

Kupanda kwenyewe kuna sheria. Mbele ya eneo la kubadilishia mchezo, hapo penye mabomba ya baiskeli, huchorwa mstari, na huruhusiwi kukaa juu ya baiskeli kabla ya kuuvuka. Jonathan Brownlee wa Uingereza alipanda kabla ya mstari huo katika Olimpiki ileile ya London, akaadhibiwa kusimama sekunde 15, na hata hivyo akapata shaba. Ukishauvuka, njia salama kwa anayeanza ni ile ambayo wazee wetu wa Kanda ya Ziwa wanaijua tangu ujana: mguu wa kushoto juu ya pedeli, wa kulia unasukuma ardhi hatua mbili tatu, baiskeli ikishika mwendo unapitisha mguu juu ya kiti. Nimemwona mzee akifanya hivyo na Phoenix yenye gunia la mkaa kwenye keria, bila kuyumba, kwa kunyanyua mguu mbele kwa sababu nyuma kuna mzigo. Ningependa vijana wanaotazama video za wazungu wakiruka juu ya baiskeli waanze kwa kujifunza kwa huyo mzee.

Helmeti inawekwa juu ya usukani, imepinduliwa, tundu likitazama juu na kamba zikiwa zimening'inia nje, kila moja upande wake. Miwani ya jua inakaa ndani yake ikiwa imefunguliwa. Mpangilio huu unatokana na sheria kali: kamba lazima iwe imefungwa kabla hujaitoa baiskeli kwenye bomba, na usiifungue mpaka uwe umeirudisha. Mtu mwenye kizunguzungu huishika baiskeli kwanza. Helmeti ikiwa imelala juu ya usukani, inamzuia. Hawezi kuondoka bila kuigusa.

Viatu sasa. Wazoefu huviacha vimeshikizwa kwenye pedeli, halafu huvifunga kwa mpira mwembamba, ule wa kufungia noti, kutoka kisigino cha kiatu hadi sehemu ya fremu, ili pedeli zibaki usawa na viatu visikwaruze ardhi. Ukianza kukanyaga, mpira unakatika wenyewe, na miguu unaiingiza ukiwa njiani. Anayeanza namshauri aviache chini, vikiwa vimefunguliwa vizuri na vimepakwa poda ndani. Mchanga wa kwetu ni wa mawe yaliyomeguka, una chembe kubwa, na chembe moja chini ya kidole ni lengelenge baada ya kilomita tano. Taulo dogo na chupa ya maji ya kusuuza miguu vinatosha. Lakini tusidanganyane kuhusu taulo hilo: kujifuta haraka si kinga ya uhakika ya kichocho. Minyoo yake hupenya ngozini kwa dakika chache ukiwa bado majini, hasa penye magugu na maji yaliyotulia wanapoishi konokono. Sisi huogelea mbali na magugu, na huenda kituo cha afya kupimwa.

Kuna kitu kimoja tusichokihitaji. Wenzetu wa nchi za baridi hupoteza muda mwingi kuvua vazi la mpira la kuogelea. Sheria za kimataifa hulikataza kwa wanamichezo wa juu maji yakifika nyuzi 20, na kwa wa kawaida, katika umbali wa Olimpiki, yakizidi 22. Maji ya Ziwa Victoria upande wetu huwa na joto zaidi ya hapo, hivyo tunatoka ziwani tukiwa na nguo ileile tutakayoendeshea na kukimbilia.

Joto hilohilo lina adhabu yake kwenye matairi. Tuko karibu sana na ikweta, na tairi jeusi lililoachwa juani hupata moto kuliko hewa inayolizunguka. Ukijaza presha ya psi 100 asubuhi kukiwa na nyuzi 27, kisha hewa iliyo ndani ikafika nyuzi 57, presha inapanda hadi kama 111. Tyubu iliyobanwa vibaya kwenye rimu au tairi lililochakaa linaweza kupasuka likiwa limetundikwa tu, hakuna aliyeligusa. Kwa hiyo jaza upepo asubuhi ileile, na kama baiskeli itasubiri juani kwa saa kadhaa, punguza kidogo.

Na mahali ulipoitundika upakariri kwa miguu. Baiskeli mia moja zikiwa mstarini zinafanana, na kwenye mashindano huruhusiwi kufunga puto au bendera juu ya yako. Kabla ya mbio, ukiwa umetulia, tembea kutoka majini hadi hapo, hesabu mistari kutoka lango, hesabu hatua, chagua jiwe au mti usiohamishika. Usichague mtumbwi.

Wiki iliyofuata nilimweleza mama yote haya, akasikiliza hadi mwisho huku akigeuza dagaa wake. Kisha akaniambia bomba letu liko pabaya. Jua likishapanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko ziwa, na kuanzia kama saa nne upepo unavuma kutoka majini. Sisi tulikuwa kati ya ziwa na dagaa wake, na kila tulipokimbia na baiskeli tulimpelekea mchanga. Tukalihamishia bomba upande wa pili, nyuma ya mawe, ambako hata namba zetu za karatasi haziruki tena.