Miwani ya uhalisia pepe na darasa la video: tunayoambiana na yaliyo kweli

Wiki hii pekee wazazi watatu hapa Tanga wameniuliza lilelile kuhusu darasa la moja kwa moja la video na miwani ya uhalisia pepe (VR), ile inayofunika macho na kukuonyesha mazingira ya kuigiza kana kwamba umo ndani: "Mwalimu, kwa nini mwanangu asome kwa video ilhali miwani ya uhalisia pepe ipo? Si ataelewa zaidi?"

Hapana! Kuona si kuelewa. Mwaka 2019 mtafiti Guido Makransky na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu waliotumia maabara ya kuigiza kwenye kompyuta na kwenye miwani. Kwa miwani walijihisi wamo maabara hasa, lakini walijifunza kidogo kuliko kwenye kompyuta, na vipimo vya ubongo vilionyesha akili imeelemewa.

Nami nimeyaona Ngamiani. Binti wa kidato cha pili alivaa miwani, akauona moyo mkubwa kama pipa ukidunda, akawa anapapasa hewani huku anacheka. Alipoivua, alama ya mkanda bado iko kwenye paji, nikamuuliza: damu ikitoka mapafuni inaingia chumba gani? Kimya. Nikampa kalamu achore. Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili mshale ukaingia chumba cha juu kushoto, akanieleza mwenyewe kwa nini. Ndiyo maana nawasisitizia walimu: iwe video iwe miwani, kila dakika kumi simamisha somo, mtoto aeleze au achore.

Miwani nunua pale penye hatari au gharama: kuzima moto, kuchomelea vyuma, urubani. Hesabu za kidato cha pili hazimo.

Halafu kuna hili la "mtu hukumbuka asilimia 10 ya anachosoma na 90 ya anachofanya". Husemwa zimetoka kwenye koni ya Edgar Dale, mchoro wake wa njia za kufundishia, lakini koni hiyo ya mwaka 1946 haikuwa na asilimia hata moja. Walizibandika wengine baadaye.

Eti video inachosha, miwani haichoshi? Mtafiti Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alieleza mwaka 2021 kwamba sababu mojawapo ya uchovu wa mikutano ya video ni kujitazama kwenye skrini muda wote. Basi ficha picha yako. Nayo miwani ya Meta Quest 2 ina gramu 503, zote kichwani, na wapo wanaoshikwa na kichefuchefu.

Na jamani, darasa bila kamera ni darasa. Picha ikikatika somo linaendelea. Sauti ikikatika limekwisha. Bando likiwa dogo zimeni kamera, na hela ya miwani moja wanunulieni watoto hedifoni zenye maiki.