Vita vya Marekani vya 1861: watumwa hawakungoja kukombolewa

Kila ninapofundisha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865, hakosi mwanafunzi wa kuuliza kama kweli vilipiganwa kwa sababu ya utumwa, au ulikuwa mvutano wa mamlaka kati ya majimbo na serikali kuu, na utumwa ukachomekwa baadaye. Huwa nawaambia wawasome viongozi wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani. Waliandika sababu zao, wakazipigia kura na kuzichapisha, wala hawakumficha mtu.

Mississippi ilijitoa Januari 9, 1861. Tamko lake linaanza kwa kusema kwamba msimamo wa jimbo umefungamana kabisa na utumwa, "maslahi makubwa ya mali kuliko yote duniani". South Carolina, iliyotangulia Desemba 20, 1860, ililalamikia jambo ambalo wengi hawalitarajii: majimbo ya Kaskazini yalikuwa yametunga sheria zao wenyewe kuzuia watumwa waliotoroka wasirudishwe kwa mabwana zao. Wanaosifiwa leo kwa kutetea haki za majimbo walikasirishwa na majimbo mengine kuzitumia haki hizohizo. Walichotaka ni serikali kuu yenye mkono mrefu wa kumfuata mtu hadi Boston na kumrudisha shambani, na sheria ya watoro ya 1850 ilikuwa imewapa mkono huo. Katiba mpya waliyojiandikia ililikataza bunge lao kupitisha sheria yoyote ya kudhoofisha haki ya kummiliki mtumwa mweusi. Makamu wao wa rais, Alexander Stephens, alisimama mjini Savannah, jimbo la Georgia, Machi 21, 1861 akatamka kwamba jiwe la msingi la serikali yao ni kutokuwa sawa kwa mweusi na mweupe, na kwamba utumwa ndiyo hali ya asili ya mweusi. Baada ya kushindwa vitani, Stephens huyohuyo akaandika vitabu vikubwa kudai kwamba ugomvi ulikuwa wa kikatiba. Hoja inayozunguka mitandaoni leo ilipata nguvu hapo, maiti zikiwa zimeshazikwa.

Ukubwa wa mali hiyo lazima ueleweke. Sensa ya 1860 ilihesabu watumwa karibu milioni 4 katika nchi ya watu milioni 31. South Carolina na Mississippi, zaidi ya nusu ya wakazi walikuwa watumwa. Mtu aliwekwa rehani, akarithiwa, akauzwa kulipa deni la kamari la bwana wake. Pamba waliyoilima ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya bidhaa zote ambazo Marekani iliuza nje.

Pamba hiyo ilitufikia hata sisi. Ile merikani iliyoshushwa Unguja na meli za Salem, ambayo misafara iliibeba hadi Tabora na Ujiji na kuitumia kama fedha, ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Mpagazi aliyepanda na mtumba begani kutoka Bagamoyo alibeba jasho la mtu wa Mississippi asiyemjua, na wakati mwingine kitambaa hicho kilirudi pwani kikiwa kimegeuka pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Vita vilipoanza pamba ikakatika, merikani ikaadimika, na vitambaa vya Uingereza, kisha vya Bombay, vikaingia mahali pake. Kwa hiyo nakataa kabisa kuiita habari hii ya mbali.

Abraham Lincoln alichaguliwa Novemba 1860, na katika sehemu kubwa ya Kusini hakukuwa hata na karatasi za kura zenye jina lake. Hakuahidi kuufuta utumwa pale ulipokuwepo. Aliahidi usienee katika maeneo mapya ya magharibi, basi, na kwa wakulima wakubwa hilo lilitosha. Majimbo 7 yakajitoa kabla hajaapishwa. Aprili 12, 1861 mizinga yao ikaipiga Fort Sumter, ngome ya serikali kuu, na mengine 4 yakafuata.

Kwa upande wa Kaskazini nasema ukweli wote: jeshi halikutoka kwenda kuwafungua watumwa. Lilitoka kuulinda Muungano, yaani Marekani isigawanyike. Majimbo 4 yenye watumwa, Kentucky, Missouri, Maryland na Delaware, yalibaki upande wa Lincoln, naye aliogopa kuyapoteza. Hata Agosti 1862 alimwandikia mhariri Horace Greeley kwamba kama angeweza kuuokoa Muungano bila kumwacha huru mtumwa hata mmoja angefanya hivyo, na kama ni kwa kuwaacha huru wote, angefanya hivyo pia. Wanaomfanya Lincoln mkombozi pekee huirukaruka barua hii. Swali la kweli ni nini kilichomtoa hapo, na jibu lake limo katika tukio ambalo ningetaka kila mtu alijue.

Usiku wa Mei 23, 1861, siku ambayo wapigakura wa Virginia waliidhinisha kujitoa, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walivuka maji kwa mashua hadi Fort Monroe, ngome iliyokuwa bado mikononi mwa jeshi la Muungano. Bwana wao, Kanali Charles Mallory, alikuwa amewapeleka kulijengea jeshi la Kusini kituo cha mizinga, na walipopata habari kwamba watapelekwa mbali na familia zao, North Carolina, wakaamua. Hakuna aliyewaita. Hawakuwa na hakika kama wangepokelewa, kwani sheria ya 1850 ilikuwa bado hai na wanajeshi wengine wa Kaskazini waliwarudisha watoro.

Kesho yake akaja ofisa wa Kusini na bendera nyeupe kuwadai. Jenerali Benjamin Butler, mwanasheria kwa taaluma yake, akamjibu kwamba sheria hiyo ni ya Marekani, na Virginia imetangaza kuwa nchi nyingine, kwa hiyo hadaiwi chochote. Watu hao walikuwa wakitumika kumjengea adui ngome, na mali ya adui inayosaidia vita jeshi lina haki ya kuitwaa. Kuna uchungu katika hoja hiyo, maana iliwapokea kama mali. Lakini watumwa hawakukaa kuichambua. Baada ya siku chache wakafika kwa makumi, wanawake na watoto wakiwemo, na kufikia Julai walikuwa mamia. Ngome hiyo imesimama pwani ya Point Comfort, palepale ambako Waafrika wa kwanza wa Virginia, waliotekwa Angola, walishushwa mwaka 1619.

Tangu hapo sheria zilikimbia kuwafuata watu. Agosti 1861 bunge likaruhusu kutwaliwa kwa watumwa waliotumika katika vita. Julai 1862 likawapa uhuru watumwa wa waasi waliolifikia jeshi. Januari 1, 1863 Lincoln akatangaza uhuru kwa wote waliokuwa katika maeneo ya uasi, na kufungua milango ya jeshi kwa weusi. Wakajiunga kama 180,000, wengi wao wakiwa watumwa jana yake. Walipewa dola 10 kwa mwezi, na 3 zikakatwa kwa ajili ya mavazi, wakati mweupe alipata 13. Kikosi cha 54 cha Massachusetts, cha askari weusi, kilipanda kuta za Fort Wagner, ngome ya Kusini, Julai 18, 1863 chini ya moto wa mizinga, na bado kikagoma kupokea hata senti, kikakataa hata jimbo lao lilipotaka kuwajazia pengo. Bunge lilisawazisha malipo Juni 1864. Mimi ujasiri wa kukataa mshahara nauweka karibu sana na ule wa kupanda ukuta.

Vita viliua watu zaidi ya 600,000, wengi kwa maradhi. Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, alisalimu amri Aprili 9, 1865, na Desemba mwaka huo marekebisho ya 13 ya Katiba yakaufuta utumwa nchi nzima, isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai, mwanya ambao Kusini iliutumia vibaya kwa miaka mingi.

Januari 1865, huko Savannah, Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini aliwauliza viongozi 20 wa dini weusi watu wao wanataka nini. Msemaji wao, Garrison Frazier, aliyekuwa amejinunua mwenyewe na mkewe kwa dola 1,000, alijibu: ardhi, tuilime kwa mikono yetu. Siku chache baadaye Sherman akaamuru ukanda wa pwani ugawiwe, hadi ekari 40 kwa familia, na watu kama 40,000 wakahamia humo. Lincoln akauawa. Rais aliyemrithi, Andrew Johnson, akawarudishia mabwana wa zamani mashamba yao. Oktoba, Jenerali Oliver Howard, aliyepoteza mkono wake wa kulia vitani, alitumwa kisiwa cha Edisto kuwaeleza wakulima kwamba wanapaswa kuondoka na kuwasamehe wenye ardhi. Walimjibu kwa barua. Wewe, waliandika, ulipoteza mkono tu na unaweza kuwasamehe. Lakini mtu aliyenifunga mtini akanichapa viboko 39, akamchapa mama yangu na dada yangu, na sasa ananinyima ardhi nisipokubali masharti yake, huyo siwezi kumsamehe.