Acheni kukimbilia HP, angalieni mashine imefungwaje

Juzi tena. Mtu kapata boti ya zamani ya faiba, futi 15, zile za mbio za miaka ya 70, V imekaa vizuri na nyuma kwenye mkuku kuna pedi, yaani kipande bapa ambacho boti inakipandia ikienda kasi, kitu safi kabisa, na swali la kwanza analoniuliza ni kama itabeba mashine ya HP (nguvu za farasi) 115. Transomu, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, hajaigonga, mkuku hajaupima, boti ina kilo ngapi hajui. Anachotaka ni namba ya HP tu. Hili swali nimelijibu mara nyingi mno, sasa naliandika mara moja niwe natuma hii.

Mwendo haupandi sawasawa na HP. Kwa boti inayopanda juu ya maji mwendo unafuata takriban kipeuo cha pili cha nguvu kwa uzito, kwa iyo ukitoka 60 ukaenda 90, nguvu imepanda nusu nzima ila mwendo unapata kama asilimia 22, na hapo tumejifanya mashine kubwa haina uzito wa ziada. Inao, na uzito wenyewe umeubandika mwisho kabisa wa boti nyepesi. Pua inaanza kuruka juu chini juu chini na unaishia kupunguza moto ili utulie. Marekani boti za chini ya futi 20 zilianza kulazimishwa kuwa na bamba la uwezo Novemba 1972, na hesabu yao ya HP ya mwisho kwa boti yenye usukani wa mbali (sio wa kushika mashine kwa mkono) na transomu ya inchi 20 ni hii: urefu mara upana wa transomu kwa futi, ikizidi 52.5 zidisha kwa 2 utoe 90. Futi 15 kwa futi 5 ni 75, mara mbili 150, toa 90, unabaki na 60. Sitini! Na hiyo ni kwa boti mpya yenye mbao kavu.

Mbao sasa. Transomu ya boti hizi ni plaiwudi katikati, faiba nje na ndani. Faiba haiozi, plaiwudi inaoza, na maji yanaingilia kwenye matundu ya skrubu ambayo mtu alitoboa bila silanti miaka 40 iliyopita. Rangi inaweza kung'aa na ndani kumekuwa uji. Gonga na nyundo ndogo kila inchi chache, mlio mkavu ni mzima, mlio mzito uliokufa ni balaa. Alafu inamisha mashine juu, ishike chini kwenye gia boksi uitingishe huku mwenzako anaangalia sehemu ya juu ya transomu. Ikicheza hata kidogo, kata. Mimi natoa plaiwudi yote, naweka ya marine, nagundisha kwa epoksi. Wengine wanatumia poliesta kwa kuwa boti yenyewe ilijengwa kwa poliesta na boti zao zinadumu, siwapingi, ila kushika kwenye faiba kavu ya zamani epoksi inashika zaidi. Panaponisumbua mpaka leo ni transomu ya kati kwa kati, sehemu moja ina unyevu na kwingine mzima. Nimeshawahi kukata nikakuta mbao nzuri nikajuta, na nimeshawahi kuacha nikajuta zaidi. Sasa hivi nikiwa na shaka nakata.

Kila tundu la bolti toboa kubwa kuliko inavyotakiwa, jaza epoksi nzito, ikikauka toboa tena saizi yake, ili maji yasikutane na mbao kamwe. Povu chini ya sakafu nalo likaguliwe, futi moja ya ujazo ya maji ni kilo 28, kuna boti zimebeba abiria wawili wa maji bila mwenyewe kujua. Na weka rula ndefu iliyonyooka kwenye mkuku futi 4 au 5 za mwisho. Ukiona mwanga katikati, sehemu hiyo imeingia ndani, pua itabanwa chini na mwendo hutaupata kwa HP yoyote.

Haya, sasa twende kwenye kimo cha mashine, maana hapa ndipo watu wananichosha kabisa. Kila mtu amekariri kwamba ile pleti juu ya propela, wanayoiita pleti ya kavitesheni, ikae usawa wa mkuku, basi, kazi imeisha. Kwanza hiyo pleti haihusiani na kavitesheni. Kavitesheni ni presha kushuka kwenye uso wa jani la propela mpaka maji yanageuka mvuke, mapovu yakipasuka yanakula chuma, utaona vishimo vidogo vidogo. Kinachozuiwa na pleti ni propela kuvuta hewa kutoka juu. Ni vitu viwili tofauti na dawa zake ni tofauti, ndo maana mtu propela inavuta hewa kwenye kona anaenda kununua propela nyingine wakati shida ni kimo.

Pili, usawa wa mkuku ni pa kuanzia, sio pa kuishia. Gia boksi ikiwa ndani ya maji inaburuta, na kwa mwendo mkubwa huo mburuto ni mkubwa kupita unavyodhani. Matundu ya kufungia mashine yameachana robo tatu ya inchi. Pandisha tundu moja, jaribu, andika RPM (mizunguko ya mashine kwa dakika) na mwendo wa GPS, pandisha lingine. Ukiirudisha mashine nyuma kwa jeki pleti, lile bamba linalofungwa kati ya transomu na mashine, unapata nafasi zaidi ya kupandisha kwa sababu maji yakishatoka chini ya boti yanainuka, kanuni ni inchi 1 juu kwa kila inchi 8 nyuma. Kanuni hiyo kwenye boti fupi nyepesi imenidanganya zaidi ya mara moja, ichukue kama kianzio tu. Utajua umezidisha pale RPM zinapopaa na mwendo hauongezeki, au boti inaachia kwenye kona. Na kabla hujapandisha chochote funga geji ya presha ya maji, maana matundu ya kuvutia maji yapo pembeni mwa gia boksi, yakitoka juu mashine inakunywa hewa na unaua pistoni huku unafurahia mwendo.

Hesabu ya slipu, yaani mwendo unaopotea kwa propela kuteleza, ndiyo inakwambia ukweli. RPM mara pichi (inchi ambazo propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), gawanya kwa uwiano wa gia, gawanya tena kwa 1056, unapata maili kwa saa ambazo propela ingeenda bila kuteleza. Boti yangu mwenyewe ilikuwa RPM 5500, pichi 19, gia 2 kwa 1, inatoka 49.5. GPS ikasema 38. Slipu asilimia 23, yaani karibu robo inapotea! Nikapandisha matundu mawili, nikaweka propela ya stenlesi yenye ukingo uliokunjwa, pichi ile ile. RPM 5700, hesabu 51.3, GPS 44, slipu 14. Maili sita bila kuongeza HP hata moja, na mashine ni ile ile.

Mwendo ukishapatikana boti ya pedi inaanza kitu kingine, inalala kulia inalala kushoto, kila mzunguko mkubwa kuliko uliopita. Watu wanalaumu umbo la boti. Mara nyingi ni usukani. Simama nyuma, shika gia boksi usukume kulia na kushoto huku mwenzako kakaza usukani, uchezo wowote unaousikia ndio unaokuyumbisha. Kebo moja iliyochoka haitoshi kwa boti hizi, weka mbili zinazovutana au haidroliki. Boti ikianza kuyumba punguza moto taratibu, usiachie ghafla, na kamba ya kuzimia mashine iwe imefungwa mwilini kila unapowasha, sio kuning'inia kwenye dashibodi.

Huyo wa 115 nimemwambia aanze na nyundo.