Kumfikishia Mdaiwa Wito Unapojiwakilisha Mwenyewe Mahakamani

Mashauri mengi ya madai yanayofunguliwa na watu wasio na wakili hukwama kabla hakimu hajasoma hata aya moja ya madai yenyewe. Mdai ameandika hati yake vizuri, amelipa ada, amepewa namba ya shauri na nakala zilizogongwa muhuri, kisha amekwenda nyumbani kusubiri tarehe, akiamini kwamba kumwita mdaiwa ni kazi ya mahakama. Tarehe inapofika, swali la kwanza analoulizwa ni kama mdaiwa amepata wito, na uthibitisho uko wapi. Nimewasaidia wengi katika hatua hii kwa kazi yangu ya uwakili, na rai yangu kwao ni moja: panga upelekaji wa wito kana kwamba mdaiwa atakuja kuupinga, maana mara nyingi atakapoupinga muda wa kurekebisha utakuwa umekwisha au unakaribia kwisha.

Sababu ya ukali huu ni kwamba mahakama haina mamlaka ya kumhukumu mtu ambaye haikumwita. Haki ya kusikilizwa huanza na haki ya kujua kwamba umeshtakiwa, nani amekushtaki, anadai nini, na unatakiwa ujibu lini na wapi. Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ililieleza jambo hili mwaka 1950 katika shauri la Mullane dhidi ya Central Hanover Bank, lililohusu benki iliyosimamia mfuko wa amana na kuwatangazia wanufaika wake kwa gazeti peke yake. Mahakama ilikubali kwamba tangazo lilitosha kwa wale ambao hawakujulikana walipo, lakini ikakataa kwamba lingewatosha wale ambao anwani zao benki ilikuwa nazo. Kipimo kilichotumika ni kama njia iliyochaguliwa ni ile ambayo mtu anayetaka kweli kumjulisha mwenzake angeitumia. Kila ninapokutana na kanuni ya wito ambayo haieleweki vizuri, hukirudia kipimo hicho, na mara nyingi hunionyesha kwa nini kanuni imeandikwa hivyo.

Wapo wanaofurahi mdaiwa asipotokea, kwa kuwa wanaweza kuomba hukumu ya upande mmoja. Furaha hiyo ina hatari. Hukumu ya upande mmoja iliyotolewa bila mdaiwa kupelekewa wito ipasavyo inaweza kutenguliwa hata baada ya utekelezaji kuanza, na katika nchi nyingi zenye asili ya sheria ya Kiingereza mdaiwa huipata amri ya kuitengua kama haki yake, bila hata kutakiwa kuonyesha kwamba ana utetezi wa maana. Marekani hukumu ya namna hiyo huhesabiwa batili. Mdai aliyekwisha kulipa gharama za utekelezaji hujikuta amerudi mwanzo, na pengine anadaiwa fidia kwa mali iliyokamatwa.

Shauri ninalolitaja mara kwa mara kwa wanaojiwakilisha ni la Barton dhidi ya Wright Hassall, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2018. Bwana Barton, ambaye hakuwa na wakili, aliwashtaki mawakili wake wa zamani kwa uzembe, na muda wa kupeleka hati ya madai ulipokaribia kabisa kwisha akaituma kwa barua pepe kwa mawakili wa upande wa pili. Mawakili hao walikuwa wamewasiliana naye kwa barua pepe, lakini hawakuwa wamesema kwamba wanakubali kupokea hati ya kuanzisha shauri kwa njia hiyo, jambo ambalo kanuni zililidai. Hati yake ikaisha nguvu, na kwa kuwa muda wa ukomo, yaani muda ambao sheria inaruhusu kufungua shauri, ulikuwa umekwisha pia, hakuweza kufungua upya. Majaji watatu kati ya watano walikataa kumwokoa, wakisema kwamba kukosa wakili hakumpi mtu kanuni nyepesi kuliko za mwenzake. Wawili walitofautiana nao, na binafsi naona hoja yao ilikuwa na uzito, kwa kuwa hati ilifika na ikasomwa. Lakini hukumu inayofuatwa ni ya wengi, na mtu anayejiwakilisha hana budi kujipanga kwa mujibu wake.

Jambo la kwanza la kujua ni nani anayeruhusiwa kupeleka. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, mtu yeyote aliyetimiza umri wa miaka 18 anaweza kupeleka wito, mradi si mhusika katika shauri. Mdai mwenyewe haruhusiwi. Kenya kazi hii hufanywa kwa kawaida na wasambaza nyaraka wenye leseni. Uingereza mahakama yenyewe hupeleka hati ya madai isipokuwa mdai ameomba kufanya mwenyewe. Msingi wa kumzuia mdai ni rahisi kuuona: anayepeleka ndiye atakayekuwa shahidi wa upelekaji, na ushahidi wa mtu asiye na maslahi hauyumbishwi kirahisi. Kwa mdai asiye na uwezo, inafaa kuuliza masjala kuhusu msamaha wa gharama. Katika mahakama za shirikisho za Marekani, wito wa mdai aliyesamehewa ada kwa sababu ya umaskini hupelekwa kwa mdaiwa na maofisa wa serikali, ingawa jukumu la kuwapa anwani sahihi hubaki kuwa lake.

Anwani na jina ndipo penye makosa mengi zaidi. Ukimshtaki mtu binafsi, unahitaji jina lake kamili na mahali anapoishi au kufanya kazi sasa, si alipokuwa mlipoandikiana mkataba. Ukiishtaki kampuni, unashtaki mtu wa kisheria aliyeandikishwa kwa jina fulani, na wito hupelekwa katika ofisi yake iliyosajiliwa, au kwa mkurugenzi, katibu au mtu mwingine ambaye sheria inamtaja kuwa anaweza kuupokea. Mlinzi wa getini hatoshi, na mhudumu wa mapokezi mara nyingi hatoshi pia. Bango lililo juu ya duka linaweza kuwa jina la biashara tu, na nyuma yake kuna mtu mmoja au kampuni yenye jina jingine kabisa. Tafuta taarifa kwa msajili kabla ya kuandika hati, kwa sababu wito uliofika mahali sahihi ukiwa na jina lisilo sahihi huzaa ubishi wake. Serikali na taasisi zake zina taratibu za peke yake. Marekani, kwa mfano, ukiishtaki serikali ya shirikisho unapaswa kupeleka nakala kwa ofisi ya mwanasheria wa serikali wa wilaya husika na nyingine kwa Mwanasheria Mkuu, na Tanzania kabla hata ya kufungua shauri dhidi ya serikali unatakiwa kutoa notisi ya siku 90.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kumkabidhi mdaiwa mwenyewe mkononi. Asipopatikana, sheria nyingi huruhusu kuacha hati nyumbani kwake kwa mtu mzima wa familia anayeishi naye, lakini masharti hutofautiana: kwingine ni lazima kwanza ionekane kwamba mdaiwa alitafutwa, kwingine haihitajiki. Mdaiwa akikataa kupokea au kutia saini, msambaza nyaraka asivutane naye. Amweleze hati ni za nini, afanye kile ambacho kanuni za mahali hapo zinaelekeza, kama vile kuziacha karibu naye au kuzibandika kwenye mlango wa nyumba, kisha aeleze yote katika kiapo chake cha maandishi.

Kiapo hicho ndicho mahakama itakachokisoma, na ningependa kila mdai akikague kabla hakijawasilishwa. Kiapo kibovu husema: "Nilimpelekea mdaiwa wito naye akaupokea." Sentensi hiyo haimwambii jaji chochote anachoweza kukipima. Kiapo kinachosimama hutaja tarehe na saa, mtaa na jengo, na hati zipi zilizokabidhiwa, moja moja. Hueleza pia msambaza alimtambuaje mdaiwa: je, alimfahamu tangu awali, alionyeshwa na mtu gani, au mdaiwa mwenyewe alijitaja kwa jina? Hueleza mdaiwa alisema nini, alitia saini wapi, na kama hakutia saini ni kwa nini. Ikiwa hati iliachwa kwa ndugu, jina la ndugu huyo na uhusiano wake na mdaiwa vitajwe. Msambaza anaweza kuitwa kuhojiwa juu ya kiapo chake miezi mingi baadaye, wakati amekwisha kupeleka nyaraka nyingine nyingi, na ataweza kujibu tu yale aliyoyaandika akiwa bado anayakumbuka.

Mdaiwa anayejificha hakuzuii kuendelea na shauri, lakini hutakiwi kujiamulia njia mbadala. Unaiomba mahakama ruhusa, na ombi lako hubebwa na maelezo ya juhudi: siku zipi alitafutwa, saa za asubuhi au jioni, majirani walisema nini, simu ililia au haikulia. Mahakama ikiridhika, inaweza kuamuru wito ubandikwe, utangazwe gazetini, au utumwe kwa njia ya kielektroniki. Tangu mwaka 2020 kanuni za Kenya zinatambua wazi upelekaji kwa barua pepe na kwa programu za ujumbe za simu, mradi utumwe kwa anwani au namba ambayo mdaiwa anaitumia. Katika nchi nyingine picha ya ujumbe wenye alama mbili za buluu haina thamani yoyote bila amri ya mahakama iliyotangulia, kwa hiyo usiige jambo uliloambiwa na mtu aliyeshtaki katika nchi nyingine.

Kuhusu muda, hesabu huanza siku hati inapotolewa au kuwasilishwa, haingoji mdaiwa apatikane. Mahakama za shirikisho za Marekani hutoa siku 90 tangu kufunguliwa kwa shauri, Uingereza miezi minne kwa wito wa ndani ya nchi, Kenya wito huishi miezi 12. Ukiona muda unakuishia, omba nyongeza mapema ukiwa na sababu zilizoandikwa. Mdaiwa aliye nchi ya nje huhitaji hesabu nyingine kabisa: kati ya nchi zilizoridhia Mkataba wa The Hague wa mwaka 1965 unaohusu kupeleka hati za mahakama nje ya nchi, hati huweza kupitia mamlaka kuu ya nchi anayoishi, pengine zikiwa na tafsiri, na hilo huchukua miezi.

Kuna pia njia ya maelewano ambayo watu huisahau. Marekani mdai anaweza kumwandikia mdaiwa akimwomba asamehe upelekaji rasmi. Akikubali hupewa siku 60 za kujibu badala ya 21, na akikataa bila sababu ya msingi anaweza kutozwa gharama za kumpelekea. Hata pale ambapo kanuni haisemi hivyo, ni busara kumuuliza wakili wa mdaiwa kwa maandishi kama ameagizwa kupokea wito kwa niaba ya mteja wake, na kusubiri jibu la maandishi. Wakili kukuandikia barua juu ya mgogoro si idhini ya kupokea hati.

Jibu la kwanza la mdaiwa likifika, lisome ukitafuta jambo moja kabla ya mengine: je, amelalamikia wito? Katika mahakama za shirikisho za Marekani mdaiwa asiyeliibua pingamizi hilo katika jibu lake la awali hulipoteza, na mahakama nyingi za kwingineko huchukua kujitokeza kwake bila pingamizi kuwa ni kukubali. Akiwa amelalamika, na muda wako ungali upo, mpelekee wito upya mara moja kwa njia isiyo na ubishi, kisha uwasilishe kiapo kipya. Usiache muda ule ukapita mkibishana juu ya karatasi ya kwanza.