Je, wajua kwa nini mwalimu wa Wete si mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania, CWT?

Mei 2022, Serikali ya Muungano ilipotangaza kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 23.3, nilimpigia simu mama yangu mdogo kumpa hongera. Yeye ni mwalimu wa skuli ya msingi huko Wete, Pemba. Aliniacha niseme mpaka nimalize.

"Ahsante mwanangu," akasema, "lakini hiyo ya Bara. Sisi yetu twaingojea kwa Rais wa Zanzibar."

Nikamuuliza, kwani CWT haiwatetei walimu wa nchi nzima?

"Mie niko ZATU."

Nimekulia Dar es Salaam, na siku zote niliamini kuwa chama cha walimu ni kimoja, hiyo ZATU ikiwa tawi lake la visiwani. Nimekuja kugundua kuwa walioamini hivyo ni wengi, na jina lenyewe linachangia: ukisoma Chama cha Walimu Tanzania, akili inafika mpaka Pemba bila kuulizwa. Historia nayo inachangia. Wazee wetu waliofanya kazi miaka ya themanini wanaikumbuka JUWATA, jumuiya moja ya wafanyakazi iliyokuwa chini ya CCM, Bara na Visiwani. Lakini ZATU si tawi la CWT wala haipokei maelekezo kutoka kwake. Ni chama kamili cha walimu wa Zanzibar, na shirikisho la vyama vya huko ni ZATUC, wakati lile la Bara ni TUCTA. Wengine hudhani mgawanyo huu ni ugomvi wa kisiasa. Chanzo chake ni orodha.

Orodha hiyo ni Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, yenye Mambo ya Muungano, yaani yale yaliyo chini ya Serikali ya Muungano. Mwaka 1964 yalikuwa 11, leo ni 22. Chukua mfano wa ndugu wawili wa Pemba waliorithi shamba. Wanakubaliana na kuandika: kisima ni chetu sote, njia ya kuingilia ni yetu sote. Mikarafuu haikuandikwa, basi kila mmoja anachuma yake, anaajiri wachumaji wake, na anawalipa anavyoelewana nao. Mchumaji wa upande wa kaskazini akipunjwa, hata akateke maji kisima kimoja na yule wa kusini, malipo yake atayadai kwa mwenye mikarafuu aliyopanda.

Ndivyo ilivyo kwenye Katiba. Ulinzi umo, uraia umo, sarafu imo. Utumishi umo pia, lakini ule wa Serikali ya Jamhuri ya Muungano tu. Masuala ya kazi na vyama vya wafanyakazi hayamo, kwa hiyo Zanzibar inajitungia. Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya 2005 na Sheria ya Ajira Namba 11 ya mwaka huohuo. Ile ya Bara, Namba 6 ya 2004, inasema yenyewe kwamba inatumika Tanzania Bara.

Chama cha wafanyakazi nguvu yake ni kukaa meza moja na mwenye kutia saini. Mwajiri wa mama mdogo ni Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, SMZ, na mshahara wake unatoka SMZ. CWT ingeweza kumshinda kwa hoja waziri yeyote wa Dodoma, na bado waziri huyo asingekuwa na fungu la kumlipa mwalimu wa Wete. Nilipomtembelea alinionesha karatasi yake ya mshahara: kwenye makato upo ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, si mfuko wa Bara, na chini yake ZATU.

Orodha hii haielezi kila kitu. Elimu ya juu ni jambo la Muungano, lakini Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, ni cha SMZ. Bandari nazo zimo, na Zanzibar ina Shirika lake la Bandari. Kuishi kisiwani peke yake hakutoshi pia: ofisa wa Uhamiaji aliyepangwa Pemba analipwa na Serikali ya Muungano. Swali la kuuliza kwanza ni nani mwajiri.

Kinachonigusa zaidi ni jinsi umbali huu mfupi kati ya mwalimu na mwajiri wake unavyokileta chama karibu na watu. Skuli nyingi za Zanzibar kwa muda mrefu zilikuwa na mikondo miwili, asubuhi na mchana, kwa uhaba wa madarasa. Mwalimu akilalamikia wingi wa watoto darasani, analalamikia jambo lilelile linalowauma wazazi wa shehia. Ndiyo maana wananchi hupandisha kuta za banda la skuli kwa nguvu zao na kuiomba Serikali imalizie. Mama mdogo amewahi kubeba matofali Jumapili pamoja na wazazi wa wanafunzi wake, na wiki iliyofuata akazungumzia darasa hilohilo kwenye kikao cha chama. Nguvu hii ni ya zamani: mgomo wa 1948 ulianza kwa wachukuzi wa bandarini Unguja, ukaenea mjini.

Na kuna jambo moja ambalo bado linanishangaza. Katika yale 22 limo Baraza la Mitihani. Kwa hiyo mtihani wa kidato cha nne unaofanywa Pemba ni wa Muungano, lakini mwalimu aliyemfundisha mtoto tangu anajifunza kushika kalamu ni wa Zanzibar. Nilipomwambia mama mdogo, alisema yeye hilo analijua tangu siku alipoanza kazi.