Futresti inayoning'inia: kabla ya kununua pini, angalia kisigino

Pikipiki za zamani zinazonifikia hapa Kisumu nyingi ni Yamaha DT 175, AG100 na Honda XL, zile zilizokuwa zikibeba maafisa wa kilimo kwenye barabara za murram kabla boda boda hazijajaa. Injini huwa bado inanguruma vizuri. Kinachomsumbua mwenyewe ni futresti, kile chuma cha kukanyagia mguu: imelegea, kiatu kinateleza kuelekea nje, na kupandisha gia ni shida kwa sababu mguu umeshuka chini ya leva.

Dawa ya haraka mtaani ni pini mpya, ile ambayo futresti hukunjikia. Kelele zinapungua, lakini futresti inabaki imeinama vile vile, kwa sababu pini si ndiyo inayoishikilia isishuke. Chini ya tundu la pini, upande wa ndani, kuna uso mdogo wa chuma unaoegemea breketi, yaani kishikio cha futresti kwenye fremu, futresti ikifunguka. Hicho ndicho kisigino, na mzigo wote unakiangukia. Chukua kisigino kilicho milimita 12 kutoka katikati ya pini. Dereva akiweka kilo 50 kwenye futresti, milimita 80 kutoka kwenye pini, kisigino kinasukumwa kwa nguvu ya zaidi ya kilo 330. Na hapo hajasimama kwa mguu mmoja akipanda, jambo ambalo wengi hufanya upande wa kushoto. Kisigino kikilika milimita moja tu, ncha iliyo milimita 100 nje inashuka karibu milimita 8.

Kwa hiyo mimi huanza hapo. Natoa raba, naosha kwa dizeli, kisha nagusisha chuma kwenye grainda nione cheche. Cheche ndefu za manjano ni chuma cha kawaida, kinachomeleka bila taabu. Cheche fupi, nyekundu na hafifu ni dalili ya chuma cha kusubu. Hicho ukikichoma ovyo kitapasuka, afadhali kijazwe kwa shaba ya kuchomelea. Isipotoa cheche kabisa ni aluminiamu, mpelekee mwenye mashine ya kuichomelea. Kama kuna rangi ya zinki, isugue yote kwanza: moshi wake utakulaza na homa usiku.

Kisigino hujazwa upande wa futresti. Breketi niiache kama iko sawa, maana nyingine zimeshikana na fremu. Kijiti cha kuchomelea cha 6013 cha milimita 2.5, ampea 70 hadi 80, mistari mifupi, na kipoe chenyewe bila maji. Kisha inakuja tupa, ile ya kusugulia chuma. Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo watu huchoka mapema. Paka rangi kidogo kwenye breketi, funga futresti, ikanyage, fungua uone imegusa wapi. Ikigusa kona moja tu, kona hiyo italika upesi na utarudi ulikotoka. Endelea kupiga tupa mpaka uso mzima uguse na ncha iwe imeinuka kidogo, kwani itajikalia ikianza kutumika.

Sasa pini. Tundu la milimita 8 likishakuwa umbo la yai, nalipanua hadi 10, mradi chuma cha pembeni kimebaki cha kutosha. Kisipotosha naweka bushi, kibomba cha chuma cha kuziba nafasi iliyolika. Pini naikata kwenye bolti iliyoandikwa 8.8 kichwani, alama ya uimara wake, nikichagua yenye shingo ndefu isiyo na nyuzi. Nyuzi zikikaa ndani ya tundu zinalikereza kila futresti inapotikisika. Fimbo ya shokabu iliyochakaa watu huisifu, na kweli ni ngumu, ila jaribu kuitoboa tundu la kotapini, kile kiwaya kinachozuia pini isichomoke, uone drili itakavyokuimbia.

Kuna wateja huomba niichomelee isikunjike tena. Hapana. Futresti hukunjika ili pikipiki ikilalia tuta au ukingo wa mtaro ijikunje. Iliyoganda hushika ardhi na kuliinua gurudumu la nyuma.

Springi iwe na nguvu ya kuirudisha chini yenyewe. Pini ikiwa imelala mshazari, iingie kutoka juu: kotapini ikikatika njiani, kichwa kitaizuia isidondoke mpaka ufike. Grisi kidogo, washa (kile kisahani chenye tundu), kotapini mpya, ndipo raba irudi.